Okidi imechanua tofauti na lebo yake: jinsi ya kujua ni kloni iliyogeuka au jina limekosewa

Ua limefunguka na silo ulilolitarajia. Kabla hujamlaumu aliyekuuzia, pitia hatua hizi kwa utaratibu huu huu. Kloni, yaani mmea uliozalishwa bila mbegu kutoka tishu ya mmea mmoja, hugeuka kweli na lebo huchanganywa kweli, ila dalili zake hazifanani.

Hatua ya 1: Soma jina lote. Chukua okidi ya jenasi Phalaenopsis, Golden Peoker 'BL'. Golden Peoker ni jina la mseto, na kila mche wa mbegu uliotokana na wazazi wale wawili hulibeba. Kilicho ndani ya alama za nukuu ndicho kinachotaja mmea mmoja na kloni zake. Lebo isiyo na sehemu hiyo haikukuahidi pacha, ilikuahidi ndugu tu. Mashaka mengi ninayoletewa huishia hapa.

Hatua ya 2: Ngoja uchanuaji wa pili. Mmea mchanga huanza na maua madogo, machache. Joto kali hupausha rangi, na mwanga hafifu pia. Usibadilishe mahali pa chungu. Piga picha kila mara ukiwa umeweka karatasi nyeupe na rula kando ya ua.

Hatua ya 3: Ondoa shaka ya virusi. Rangi iliyokatika michirizi kwenye petali, au madoa yaliyodidimia kwenye majani, inaweza kuwa virusi vya mozaiki ya Cymbidium (jenasi nyingine ya okidi). Pima, na mmea utenge hadi upate jibu.

Hatua ya 4: Angalia tofauti imekaa wapi. Hapa usiharakishe. Tangu mtaalamu wa mimea Georges Morel alipoonyesha mwaka 1960, huko Ufaransa, kwamba Cymbidium huweza kukuzwa kutoka ncha ya chipukizi, okidi huzalishwa kwa wingi kwenye chupa za maabara. Kadiri tishu ile ile inavyokatwa na kukatwa tena, ndivyo mageuzi yanavyoongezeka. Petali mbili huiga mdomo (petali ya tatu, yenye umbo lake la pekee), au ua huwa nene kwa sababu kromosomu zimeongezeka maradufu, au nukta huungana. Ndivyo ilivyotokea kwa 'BL': baadhi ya kloni zake zilitoa mabaka makubwa ya zambarau, zikaitwa 'Ever-spring'.

Ila kloni iliyogeuka hubaki na mengi ya kwao. Jani, mpangilio wa maua kwenye bua, harufu na msimu kwa kawaida havihami vyote kwa pamoja. Ukikuta vyote vimehama, na ua lenyewe limekamilika bila kasoro, mimi hushuku lebo.

Ukiweza, tafuta mimea ya kundi lile lile lililozalishwa pamoja na wako. Michache ikitofautiana, kila mmoja kwa kiwango chake, hayo ni mageuzi. Kundi zima likifanana kwa ua lile lile geni, walichanganya chupa au trei. Kipimo cha DNA hutenganisha vizuri mimea isiyo kloni moja, lakini geuzi dogo mara nyingi hukipita bila kuonekana.

Hatua ya 5: Acha lebo ya zamani, andika shaka yako nyuma yake pamoja na tarehe, na usibuni jina. Ukiugawa mmea, mwambie anayeupokea. Kama unaamini ni geuzi, subiri kichipukizi kitokee kwenye bua, kikuze kwenye chungu chake, hadi kichanue. Kikileta ua lile lile mara mbili mfululizo, geuzi hilo limetulia.