Kukosha gari ya abiria visiwani: anza na chumvi, sabuni baadaye

Hiace na gari nyengine zinazolala Paje, Jambiani, Matemwe au Nungwi, vijiji vya pwani ya Unguja, huisha bodi kabla ya injini, na kinachozimaliza ni chumvi. Chumvi hiyo haingoji mvua. Unyevu wa hewa ukifika kiasi cha asilimia 75, chembe ya chumvi iliyoganda kwenye bati hufyonza maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe. Usiku wa pwani hupita kiwango hicho mara kwa mara. Gari uliyoiona kavu saa saba mchana, alfajiri bati lake limelowa maji ya chumvi, hata kama halikunya tone.

Wakati wa kusi, upande wa mashariki wa Unguja ndio unaopigwa na rasharasha za bahari. Kaskazi ikivuma, zamu ni ya Nungwi na Matemwe. Gari iliyo karibu na ufuo ikoshwe kila wiki. Iliyovuka kwa meli ikoshwe siku hiyo hiyo iliyoteremka, kwa sababu maji ya bahari yana kiasi cha gramu 35 za chumvi katika kila lita, na huingia hadi kwenye mikunjo ya bati.

Kagua maji kwanza. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na ukikoshea hayo unapaka chumvi juu ya chumvi. Tia tone ulimini: ukihisi ladha ya chumvi, tafuta maji ya bomba au ya mvua. Hata maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe yana chokaa, nayo huacha madoa meupe yakikaukia juani. Madoa hayo hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Pangusa, usiiache zaidi ya dakika mbili, kisha suuza vizuri.

Anza na uvungu, hapo ndipo gari inapooza bila ya mwenyewe kujua. Piga maji kwa mpira ndani ya matao ya magurudumu yote manne, kwenye chesesi na nyuma ya bampa, mpaka maji yanayotiririka yasiwe na mchanga tena. Halafu tazama ukingo wa chini wa kila mlango: kuna vitundu vya kutolea maji. Vikizibwa na vumbi, mlango hugeuka ndoo na kuoza kuanzia ndani. Vizibue kwa njiti ya mti. Msumari hukwangua rangi. Ukitumia mashine ya presha, iweke umbali wa sentimita 30, wala usiielekeze kwenye raba za milango na vioo.

Uvungu usipulizie dizeli wala oili chafu, ingawa wakoshaji wengi hufanya hivyo kwa nia njema. Mafuta hayo huvimbisha bushi za raba, hukamata vumbi, na lile vumbi hushika unyevu. Ukitaka kinga, tumia nta ya uvunguni au rangi ya lami, na bati liwe safi na kavu kabisa kwanza.

Sasa bodi. Iweke gari kivulini na ungoje mpaka boneti liweze kushikwa bila ya kuunguza mkono. Mwagia maji matupu tangu paa hadi chini, kiasi cha ndoo tatu za lita 20 ikiwa huna mpira. Usipanguse kitu kabla ya hapo. Vumbi jeupe la barabara za shamba ni matumbawe yaliyosagika. Ukilisugua kavu linakwangua rangi kama msasa.

Tayarisha ndoo mbili za lita 10: moja ya shampuu ya gari, mililita 30 hivi au kama chupa inavyoelekeza, nyengine ya maji matupu ya kusuuzia sponji. Usitumie sabuni ya unga, huondoa nta na kuiacha rangi wazi. Kosha paa, kisha vioo, ubavu, na mwisho sehemu za chini. Sponji iende kwa mstari ulionyooka. Magurudumu yawe na brashi yake peke yake. Suuza, kisha kausha kwa kitambaa laini kabla jua halijakausha lenyewe.

Kinyesi cha kunguru kifunike kwa kitambaa chenye maji kwa dakika tano, halafu kiinue bila ya kusugua. Utomvu wa muembe hutoka kwa spiriti kidogo kwenye pamba. Pale ulipopangusa papakwe nta upya. Bodi nzima ipake nta kila baada ya miezi mitatu, na usikose kabla ya masika. Maji yakimwagwa yakatandaa badala ya kukusanyika matone, nta imekwisha.

Kutu huanza zaidi chini ya miguu ya keria, kwenye mfereji wa paa, na kwenye gari za mizigo zilizokatwa bati ili kutiwa madirisha, maana ukingo uliokatwa haukupakwa rangi vizuri. Likitokea doa, kwangua mpaka bati ling'ae, upite sentimita mbili nje ya doa. Tumia msasa namba 80, kisha 240. Kosha kwa maji baridi na ukaushe kabisa. Chumvi ikibaki chini ya rangi, huvuta maji na rangi hutoa malengelenge. Paka dawa ya kutu, halafu rangi ya msingi ya epoksi mara mbili, ndipo rangi ya gari. Fundi akitaka kutia puti (lile bandiko la kuzibia mashimo ya bati) juu ya kutu, mkatalie: puti hunywa maji, na kutu inaendelea chini yake pasipo kuonekana. Kazi hii ifanywe siku isiyo na upepo wa bahari, baada ya umande kukauka, na rangi ya mwisho ipakwe kabla ya alasiri ili iwahi kukauka kabla umande wa usiku haujashuka.