Pikapu ya zamani inarusha: anza na upepo, springi iwe ya mwisho

Toyota Hilux za 4x4 za kati ya 1988 na 1997, zile zenye springi za pleti (vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) mbele na nyuma, bado ziko kazini kwenye barabara zetu, na wenye nazo hulalamikia jambo moja: bodi likiwa tupu, gari linarusha mpaka abiria anatafuta pa kushika. Gari hili liliundwa kubeba takribani tani moja, na springi za nyuma zina ugumu unaolingana na mzigo huo. Halitatulia kama gari dogo la kutembelea. Lakini sehemu kubwa ya mrusho unaousikia leo haikutoka nalo kiwandani. Imejilimbikiza kwa miaka ya kutu, bushi (vipande vya raba au plastiki kwenye viungo vya springi) zilizokufa na mafundi walioongeza vyuma, na inaweza kuondolewa.

Kabla hujanunua chochote, pita taratibu kwenye tuta ukiwa na bodi tupu na usikilize. Gari likigonga mara moja, kwa nguvu, kisha likatulia, tatizo ni ugumu: upepo mwingi kwenye tairi, pleti zilizoshikana au zilizozidi idadi. Likiendelea kupanda na kushuka baada ya tuta, shokapu zimechoka. Na kama kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi mkia unahamia pembeni, angalia shokapu pamoja na bushi. Springi ndiyo inayobeba gari. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi. Anayefunga shokapu ngumu zaidi kwenye gari linalogonga analiongezea ugumu.

Hatua ya 1: Upepo

Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi. Pikapu nyingi hutembea na upepo wa mzigo wa wiki iliyopita, PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 45 au 50 nyuma, huku bodi halina hata gunia. Fuata kibandiko cha kiwandani, mara nyingi kipo kwenye fremu ya mlango wa dereva, usome kiwango cha gari tupu. Kama kibandiko kimefutika, PSI 30 au pungufu kidogo ni mahali pazuri pa kuanzia kwa Hilux tupu yenye tairi za ukubwa wake. Ukipakia, rudisha upepo juu kabla ya safari, maana tairi laini chini ya mzigo hupata joto na kupasuka.

Jaribu gari tena baada ya hapo. Kuna watu watakaoishia hapa.

Hatua ya 2: Bushi na sheko

Simamisha gari pakavu na pasawa, weka mawe kwenye tairi za mbele, inua nyuma kwa jeki kisha uegemeze chesisi kwenye stendi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Angalia sheko, vile vyuma vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya springi. Springi ikipokea shimo hunyooka, ikinyooka hurefuka, na urefu huo lazima upate pa kwenda. Sheko iliyoshikwa na kutu inaunyima nafasi, na springi nzima inakuwa kama nondo. Fungua pini, zisafishe kwa brashi ya waya, toa bushi zilizopasuka na uweke mpya. Bushi za raba ni laini kuliko zile za plastiki ngumu, kwa hiyo kwa anayetafuta utulivu nashauri raba.

Kuna jambo hapa linalopuuzwa na gereji nyingi. Nati za bushi usizikaze gari likiwa limening'inia. Zishike kwa mkono tu, teremsha gari lisimame kwa miguu yake, litikise, ndipo ukaze. Raba iliyokazwa ikiwa juu hubaki imesokotwa muda wote gari liko chini; inalifanya gari liwe gumu na yenyewe inachanika mapema.

Hatua ya 3: Shokapu

Kubonyeza bodi kwa mikono hakukuambii mengi kwenye pikapu, springi zake ni ngumu mno. Njia bora ni kuendesha gari kwenye barabara mbovu kwa muda, kusimama, kisha kugusa kila shokapu kwa tahadhari. Inayofanya kazi huwa na joto. Iliyobaki baridi wakati wenzake wamepata moto imekufa, hata kama haivuji. Inayovuja oili ikaloa haihitaji kipimo.

Ukiifungua, isimamishe wima, ivute na uisukume mara kadhaa. Ugumu uwe sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikuta mahali inapoteleza bila kukataa, itupe. Badilisha mbili za ekseli moja (mhimili unaobeba magurudumu mawili) kwa pamoja, na uombe zenye ugumu wa kiwandani. Zile za kazi nzito zimekusudiwa gari linalobeba kila siku.

Hatua ya 4: Kusafisha pleti

Pleti za springi zinatakiwa kuteleza juu ya zenzake. Kutu ikijaa katikati, mashimo madogo hayaikunji springi tena, yanapita moja kwa moja hadi kwenye kiti. Ekseli ikiwa imening'inia, tenganisha ncha za pleti kwa bisibisi nene, piga brashi ya waya, pulizia upepo, kisha paka kilainishi kikavu cha grafaiti. Kama springi yako ilikuja na vipande vya plastiki kwenye ncha na vimelika, weka vingine.

Tafadhali acha ule utaratibu wa kupulizia oili chafu. Siku za kwanza gari linakuwa kimya, halafu vumbi linaganda kwenye oili na kuwa msasa, na bushi za raba ulizonunua jana zinavimba na kuoza.

Hatua ya 5: Kupunguza pleti

Hesabu pleti kila upande kwanza. Magari yaliyobeba mchanga au viazi mara nyingi yaliongezewa moja au mbili, na kuzitoa hizo kunarudisha gari kwenye hali yake. Zaidi ya hapo sipendekezi, labda gari limeacha kabisa kubeba mzigo.

Wengi hutoa ile pleti nene iliyo chini kabisa, iliyonyooka. Ile ni ya msaada, inaguswa mzigo ukiingia. Gari likiwa tupu haifanyi kazi, hivyo kuitoa hakulainishi chochote na siku ya mzigo ekseli itagonga chesisi. Pleti kuu yenye masikio na ile ya pili inayoilinda haziguswi. Ya kutoa itoke katikati, moja ile ile pande zote mbili. Banisha fungu zima kwa klampu kabla ya kufungua senta bolti, ile inayopita katikati ya pleti zote, kwa sababu pleti huruka. Usichome wala kupasha moto chuma cha springi. Joto huua ugumu wake na kitakatika njiani. Wakati wa kurudisha, kichwa cha senta bolti kiingie sawasawa kwenye tundu la ekseli, na yubolti, zile bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya.

Hilux nyingi zina vali ya breki ya nyuma inayosoma kimo cha gari kwa mkono uliofungwa kwenye ekseli. Kimo kikibadilika, nguvu ya breki za nyuma nayo inabadilika, kwa hiyo fundi wa breki airekebishe kabla hujaingia barabara kuu. Baada ya kilomita 100 hivi, rudi chini ya gari ukaze yubolti tena, kwa mshazari, gari likiwa limesimama kwenye tairi zake.