Kufuga sato kwenye baridi ya Mufindi

Wifi yangu wa Kyela anavua sato wake baada ya miezi sita. Mimi huku nje kidogo ya Mafinga nasubiri tisa, mwaka mwingine kumi. Kinachotutenganisha ni joto la maji. Sato anakula vizuri maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 anakula kwa kusuasua, yakikaribia 15 anaacha kabisa.

Bwawa langu la kwanza nililichimba kwenye kinyungu, yaani bustani ya bondeni, cha marehemu mama, kando ya kijito. Niliambiwa samaki anapenda maji yanayotembea, basi nikayaacha yaingie huku na kutokea kule, usiku na mchana. Mwezi wa nane nikavua samaki wa kiganja. Julai maji ya kijito kile yanauma vidole! Joto lote lililopatikana kwa jua la mchana lilikuwa linasukumwa nje, na ule ukijani ambao ndio chakula chao cha kwanza ukaondoka nalo. Siku hizi mfereji naufungua kujazia tu maji yaliyopungua. Ukishika hili moja, mengine yanafundishika.

Chagua mahali penye jua kutwa, mbali na kivuli cha misindano na mikaratusi. Langu lina mita 10 kwa 15. Kina ni sentimita 80 upande wa juu, mita moja na nusu upande wa kutolea maji, ili usiku wa baridi wapate pa kushukia. Ili maji yapate ukijani, samadi kavu naitia kwenye gunia lililotobolewa, nalifunga kwenye kigingi pembeni. Baada ya wiki moja au mbili, zamisha mkono hadi kiwiko. Ukiona vidole, ongeza samadi. Kiganja kikipotea mapema mno, toa gunia. Na ukiwakuta alfajiri wamejaa juu wanahema, hewa imewaishia: simamisha chakula, fungua maji mapya.

Bwawa hilo napanda vifaranga 300, wawili kwa kila mita ya mraba, na nataka madume watupu. Sababu niliiona kwa macho. Novemba moja, maji yameanza kupata joto, nilimvua jike mwenye kidevu kilichotuna. Nilipomshika akatema mayai ya rangi ya njano kwenye beseni, mamia. Dume huchimba kiota cha duara chini ya bwawa, jike anataga humo, kisha anayazoa mayai mdomoni na kukaa nayo mpaka yaanguliwe. Siku zote hizo hali chakula, kwa hiyo hakui. Na watoto wake wakifika miezi michache nao wanazaa. Mwisho bwawa linajaa samaki wengi wasiouzika.

Ukikosa vifaranga madume, wachague mwenyewe wakifika gramu 30 hivi. Mgeuze tumbo juu, mpake wino kidogo nyuma ya tundu la haja. Dume ana matundu mawili tu kwa jumla, jike ana matatu, la katikati likiwa kama mkwaruzo. Fanya kazi hii kwenye mwanga mzuri, mikono ikiwa imelowa, usimkaushe ute wake.

Chakula changu ni pumba ya mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Nalisha saa tano na saa tisa, jua likiwa limeshapasha maji. Asubuhi na mapema ni kuoza chakula bure. Juni na Julai napunguza zaidi ya nusu.

Jambo ninalowasihi wenzangu wa mabondeni ni wavu kwenye bomba la kutolea maji. Sato wetu ni mgeni huku. Alipopandwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, ngege wa asili, ndugu zake sato, walikuja kupungua hadi karibu kuisha, ingawa sangara na uvuvi navyo vilichangia. Vijito vyetu vinaishia mto Rufiji, wenye perege wa asili, naye ni ndugu wa sato, na sato anaweza kuzaliana naye wakachanganyika. Mimi nafunga nyavu mbili, ya matundu madogo ndani na ngumu nje ya kuzuia fisi maji, na kila mvua kubwa ikikatika nashuka na tochi kuziangalia.