Somo: Mbaazi za nazi, hatua kwa hatua (pamoja na maswali ya wanachama)

Hamjambo wapishi wenzangu. Wengi mmeomba somo la mbaazi za nazi, zile za asubuhi za kulia mahamri na chai ya maziwa. Ni kitoweo cha watu wa Pwani, Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na shibe yake. Lakini hiki ni chakula kinachoharibiwa na haraka. Viungo vyake ni vichache mno, kwa hiyo utamu wote unatokana na mpangilio: mbaazi ziive kabisa kwa maji matupu kwanza, kisha tui jepesi, tui zito liingie mwisho. Ukivuruga mpangilio huo, hakuna bizari itakayokuokoa.

Mahitaji
Mbaazi kavu vikombe 2 (kama gramu 400)
Nazi 2 za wastani, zilizokomaa
Kitunguu maji 1 kikubwa
Pilipili mbichi 2 au 3
Manjano nusu kijiko cha chai
Chumvi

Basi. Kipimo hiki kinatosha watu 6, na bakuli la kumpelekea jirani.

Hatua ya 1: Kuchagua na kuloweka
Mwaga mbaazi kwenye ungo au sinia, toa mawe na zile zilizobunguliwa. Osha, kisha loweka usiku kucha kwa maji mengi, yazidi mbaazi kwa vidole vinne hivi, maana zitavimba. Asubuhi mwaga maji hayo yote na uoshe tena.

Mkiwa sokoni, angalieni umri wa mbaazi. Zilizokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevunyevu huwa ngumu, unaweza kuzichemsha toka asubuhi mpaka adhuhuri na bado zikawa na kiini kigumu. Muulize muuzaji kama ni za msimu huu.

Hatua ya 2: Kuchemsha
Weka maji mapya, moto mkali mpaka zichemke, engua povu, kisha punguza moto na ufunike. Kwenye jiko la mkaa tenga saa moja na nusu, wakati mwingine mbili. Maji yakipungua ongeza ya moto.

Hapa usitie nyanya wala ndimu. Uchachu unazuia mbaazi kulainika. Maji ya kisima yenye chumvichumvi nayo yana tabia hiyo hiyo, kwa hiyo kama mnayo ya bomba au ya mvua, tumieni hayo. Na magadi nawaomba tuyaache. Ni kweli yanalainisha haraka, lakini yanaua vitamini B1 iliyomo kwenye mbaazi na yanaacha ladha ya sabuni ambayo nazi haiwezi kuifunika.

Utajuaje zimeiva? Chota punje chache kutoka chini ya sufuria, si juu. Ibonyeze moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Ganda liteleze lenyewe na ndani pawe laini kote kama siagi. Ukihisi hata chembe ngumu katikati, rudisha mfuniko. Msiwe na huruma na moto hapa, kwa sababu zikishaingia kwenye nazi hutazichemsha tena kwa nguvu.

Hatua ya 3: Tui
Tikisa nazi kabla hujainunua: usikie maji ndani. Angalia yale macho yake matatu, yasiwe na ukungu wala unyevu. Ukiivunja, onja maji. Yakiwa machachu au yana harufu ya mafuta yaliyooza, weka pembeni uvunje nyingine, kwani nazi moja mbovu inaharibu sufuria nzima.

Kuna nazi kwa mbuzi (kile kibao cha kukunia), na uishie kwenye weupe. Ukikuna mpaka kwenye ngozi ya kahawia, tui linakuwa na rangi ya vumbi. Tia kikombe 1 cha maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto, fikicha kwa mkono dakika mbili tatu, halafu kamua kwa kifumbu au chujio. Hilo ndilo tui zito. Liweke pembeni, funika, mtu asiliguse. Rudisha machicha kwenye bakuli, tia maji vikombe 3 kwa awamu mbili, ukamue tena upate tui jepesi.

Wenye blenda sageni vipande vya nazi kwa maji hayo hayo na mchuje kwa kitambaa safi. Tui ni lile lile.

Hatua ya 4: Tui jepesi
Mbaazi zilizoiva zibakize na maji yake kama kikombe 1. Tia tui jepesi, kitunguu kilichokatwa vipande vyembamba, manjano, na pilipili ulizozichana kidogo ubavuni. Kuna wanaokaanga kitunguu kwa mafuta kwanza. Kwangu mimi hapana. Nazi ina mafuta yake ya kutosha, na kitunguu kikiivia ndani ya tui kinatoa utamu mwingine kabisa.

Acha zichemke taratibu dakika 15 hadi 20, bila kufunika. Ponda upawa mmoja wa mbaazi kwenye ukingo wa sufuria, uchanganye. Huo ndio uzito wa mchuzi. Unga wa ngano hauna kazi humu.

Hatua ya 5: Tui zito
Punguza moto kabisa. Wenye mkaa, toeni makaa yabaki machache. Mimina tui zito na chumvi, kisha anza kukoroga bila kuacha: chota kwa upawa, inua, mimina, chota tena. Tui lina mafuta yaliyoshikamana na maji kwa msaada wa protini. Moto ukiwa mkali protini inaganda, mafuta yanaachana na maji, tui limekatika. Ukiendelea kuchota na kumimina, joto linaenea sawasawa.

Vikitokea vipovu vya kwanza pembeni, endelea dakika 3 hadi 5 hivi, kisha epua. Usifunike papo hapo. Zikipoa kidogo mchuzi utazidi kuwa mzito, kwa hiyo ukiepua uwe mwepesi kuliko unavyoutaka mezani.

Kwa mahamri, maandazi, chapati, boflo. Mchana kwa wali mweupe pia zinakubali sana.

MASWALI

Swali: Dada, asante kwa somo. Mimi tui langu linakatika kila mara, juu mafuta chini maji. Linarekebishika?
Jibu: Linarekebishika kiasi, bibie. Epua mara moja. Ponda upawa mbili za mbaazi mpaka ziwe uji, rudisha, koroga kwa nguvu nje ya moto. Kama ulibakiza tui zito hata vijiko vitatu, litie hapo. Halitarudi kama lilivyokuwa, ila mchuzi utashikana na kuliwa bila tatizo, kwani tui lililokatika halijaharibika. Siku nyingine usifunike sufuria baada ya tui zito. Wengi linawakatikia pale.

Swali: Shoga, niko Uingereza. Nazi za huku nyingi zimeshaharibika na mbaazi sizioni. Nifanyeje?
Jibu: Pole mpenzi. Mbaazi nenda maduka ya Wahindi, uliza toor, lakini hakikisha ni nzima zenye maganda. Zilizopasuliwa ni za kupika mchuzi, zitakuwa uji. Maduka ya Wajamaika wanaziita gungo peas, na za kopo zimeshaiva, unaanzia hatua ya 4. Nazi tumia tui la kopo la mililita 400 lisilo na sukari. Usilitikise. Chota ule uzito wa juu ndio uwe tui zito, unaobaki ongeza maji vikombe 2 uwe tui jepesi.

Swali: Presha kuka inafaa?
Jibu: Inafaa sana kwa hatua ya 2. Zikiwa zimelowekwa, anza na dakika 15 tangu ipige mluzi, fungua uangalie. Tui kamwe lisiingie kwenye presha.

Swali: Mama, mume wangu anasema mbaazi zinamjaza gesi, hataki kuziona.
Jibu: Mwanangu, mwaga maji ya kuloweka, usiyapikie. Kisha zikichemka mara ya kwanza, mwaga na hayo pia, utie mapya. Sehemu ya vile vitu vinavyoleta gesi inaondoka na maji hayo. Na ziive kweli. Mbichimbichi ndizo zinazosumbua tumbo zaidi. Mwanzie na kidogo.

Swali: Huku kwetu Babati mbaazi tunalima za kuuza, nyumbani tunakula maharage. Nimefurahi kuona somo. Zikiwa bado mbichi shambani nazo zinapikwa hivi?
Jibu: Kaka yangu, nyie ndio mna bahati. Mbichi, zikiwa zimejaa ndani ya ganda lakini hazijakauka, ndizo tamu kuliko zote. Menya, usiloweke, chemsha dakika 30 hadi 40, kisha fuata tui kama kawaida, ila punguza tui jepesi liwe vikombe 2. Mnakumbuka mwaka 2017 India ilipoweka mipaka ya kununua mbaazi kutoka nje, bei ilivyoanguka huku kwetu. Mazao yenye protini nzuri namna hii yasiwe ya gunia tu, yaingie na jikoni. Nazi ikiwa shida huko kwenu, karanga zilizosagwa vizuri zinashika nafasi yake. Koroga na maji ya vuguvugu, utie mwisho kwa moto mdogo.

Swali: Zinakaa muda gani? Nataka nipike Jumamosi nile wiki nzima.
Jibu: Zenye nazi hapa Pwani zikilala nje zinachacha. Kwenye friji siku 2, zipashwe kwa moto mdogo. Kwa wiki nzima, chemsha mbaazi nyingi kwa maji matupu, zipoe, gawa kwenye vifuko na ugandishe. Asubuhi unatoa kifuko kimoja, unakuna nazi yako, nusu saa chai iko mezani.