Namna ya Kuandika Maoni Kuhusu Albamu ya Indie Pop ya Majira ya Joto

Maoni mengi ya wasikilizaji kuhusu albamu za indie pop (pop ya magitaa iliyokulia kwenye lebo huru, yaani kampuni ndogo za muziki zisizomilikiwa na kampuni kubwa) zenye hali ya majira ya joto hufanana kama sare: ni nyepesi, inachangamsha, inafaa kusikilizwa ufukweni. Hayo si uongo, lakini hayamsaidii anayetaka kujua kama albamu hii ina chochote ambacho ile ya mwaka jana haikuwa nacho. Kazi yako ni kueleza jua hilo linatoka wapi katika sauti yenyewe.

Kwanza isikilize albamu nzima kwa mpangilio wake bila kuandika chochote, kisha irudie ukiwa na kalamu na kunukuu dakika na sekunde za kila mahali palipokufurahisha au palipokuchosha. Usitegemee spika ya simu, kwani haitoi sauti nzito ipasavyo, na katika muziki huu besi mara nyingi ndiyo inayobeba melodia ya pili chini ya gitaa. Ukilinganisha albamu mbili, zisikilize kwa kiwango kimoja cha sauti, kwa sababu sikio huelekea kuipendelea iliyo juu zaidi hata pale tofauti inapokuwa ndogo.

Sasa tafuta vyanzo vya ule mwanga. Je, ni gitaa safi lisilokwaruza, ambalo nyuzi zake zinadonolewa moja moja na kumetameta, pengine gitaa la nyuzi 12? Je, ni mwangwi uliotandazwa juu ya sauti ya mwimbaji hadi ikasikika kama inatoka mbali, au ni waimbaji wawili watatu wanaopangana sauti kwenye kiitikio? Ukishajua, andika kwa kuonyesha mahali. Badala ya kusema kwamba wimbo wa nne una raha, sema hivi: “Katika wimbo wa nne, kiitikio kinaporudi mara ya tatu, ngoma zinanyamaza na kubaki makofi na sauti mbili zinazopishana, na hapo ndipo huzuni ya ubeti wa kwanza inapojitokeza.” Msomaji anaweza kwenda kusikiliza mahali hapo na kukubali au kukupinga.

Huzuni hiyo usiipite. Waandishi wa nyimbo hizi hupenda kufunika maneno ya kuachwa kwa mdundo wa kuchezeka, kwa hiyo soma mashairi peke yake, muziki ukiwa umezimwa, kabla ya kuiita albamu nyepesi.

Vilevile, ukimsikia mwimbaji mwenye sauti ndogo isiyojikaza, usikimbilie kuandika kwamba hajui kuimba. Mwaka 1986 gazeti la muziki la NME nchini Uingereza lilitoa kaseti ya C86 yenye nyimbo 22 za bendi zilizotoka kwenye lebo huru, na mwaka uliofuata lebo ya Sarah Records ilianzishwa Bristol. Katika mkondo huo, sauti ya mtu wa kawaida na kurekodi kwa gharama ndogo vilikuwa sehemu ya haiba ya muziki. Swali la haki ni kama sauti hiyo isiyosafishwa inausaidia wimbo.

Lawama inayorudiwa mno na wasikilizaji ni kwamba nyimbo zote zinafanana. Hapo tenganisha mambo mawili: albamu yenye rangi moja ya sauti, jambo ambalo huenda lilikusudiwa, na albamu yenye melodia zisizotofautika, ambao ni udhaifu. Kipimo changu ni rahisi: saa moja baada ya kusikiliza, jaribu kuimba kwa mdomo uliofumbwa viitikio vya nyimbo tatu. Vikichanganyikana, una hoja.

Alama za nyota ziweke mwisho, ukilazimika kuziweka. Nyimbo za jua huchuja haraka, hivyo kaa na rasimu yako wiki mbili, kisha isikilize albamu jioni ya baridi na mvua, na nyimbo zitakazokuwa bado zinasimama ndizo uanze nazo katika aya yako ya kwanza.