Kijana Aliyeichoka Shule: Namna ya Kumtafutia Ufundi au Masomo Mengine Moshi na Arusha

Mzazi wa Moshi anayegundua kwamba mwanawe huondoka nyumbani na sare asubuhi kisha akashinda stendi au sokoni Mbuyuni mara nyingi hukimbilia uamuzi mmoja: "Basi, aende VETA," yaani chuo cha ufundi stadi cha serikali. Uamuzi huo unaweza kuwa mzuri, lakini ukitolewa kwa hasira hugeuka adhabu, na kijana anayepelekwa ufundi kama adhabu ataukimbia ufundi kama alivyoikimbia shule. Nimemlea mpwa wangu aliyekwama kidato cha pili, na kosa langu la kwanza lilikuwa hilohilo: nilimlipia kozi kabla sijamuuliza anakimbia nini.

Anza, basi, kwa kuuliza, tena mkiwa wawili tu. Mtoto wa shule ya serikali husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza ambako karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Asiyeishika lugha hiyo mapema huanza kunakili ubaoni bila kuelewa, na baada ya mwaka mzima wa kunakili huitwa mvivu. Mwingine haoni ubao vizuri, mwingine hushinda na njaa, mwingine anaogopa viboko, na wapo waliovutwa na fedha za haraka za kubeba mizigo ya watalii mlimani au za machimbo ya Mererani. Mpe pia kitabu cha darasa la tano umsikilize akisoma. Vyuo vya ufundi vina michoro, vipimo na hesabu, na kijana ambaye hajui kusoma vizuri atakwama huko pia. Huyo atafutiwe kwanza mwalimu wa kumfundisha kusoma, hata kwa miezi mitatu ya jioni.

Hatua ya pili ni kumwonjesha kazi kabla ya kulipa ada. Wakati wa likizo ya Juni au Desemba, mwombe fundi unayemwamini, awe seremala, fundi gereji au fundi cherehani, akae naye kwa wiki mbili au tatu. Mkubaliane waziwazi saa za kuingia na kutoka, chakula, na kazi ambazo hatazigusa, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi za hatari. Usimuulize fundi kama kijana ana kipaji. Muulize kama huwahi kufika, na kama hurudia kitu alichokiharibu bila kusukumwa. Mpwa wangu, niliyekuwa nimemlipia kozi ya umeme, alionekana kuchangamka kwa seremala wa jirani, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akishika randa.

Fani ikishajulikana, ndipo utafute chuo. Vyuo vya VETA hutoa mafunzo ya muda mrefu katika ngazi tatu za ufundi stadi, na kwa miaka mingi ada yake imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ada si gharama yote: kuna vifaa, overoli, buti na nauli, kwa hiyo omba orodha kamili ya mahitaji kabla ya kujipangia fedha. Maombi kwa kawaida hufanyika kabla ya mwaka kwisha na masomo huanza Januari. Moshi kuna chuo cha VETA, na Njiro, Arusha, kuna chuo cha VETA cha hoteli na utalii, ambacho katika miji inayoishi kwa wageni kina maana kubwa. Kwa wanaopenda mbao, Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, lakini soma sharti la kuingia la kila kozi. Kozi fupi za wiki chache, udereva ukiwemo, zina faida yake, ila mimi sipendi zichaguliwe kwa sababu tu ni fupi, maana hazimpandishi kijana kwenda ngazi inayofuata. Kuhusu chuo binafsi, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, kabla hujatoa hata shilingi moja.

Usivisahau Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975, kama Msinga huko Moshi Vijijini na Mamtukuna huko Rombo. Binti aliyejifungua aulizie huko kama kuna mahali pa kulelea mtoto, kwani baadhi ya vyuo hivi vinapo. Binti huyo pia anaweza kurudi katika shule ya kawaida: tangu Novemba 2021 serikali inawaruhusu wanafunzi walioacha kwa sababu ya ujauzito kurejea.

Kwa anayetaka kusoma lakini hawezi tena darasa la kawaida, ipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kijana hujiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, unaojulikana zaidi kama QT, na akifaulu hujisajili kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa vijana wa miaka 14 hadi 19 walio nje ya shule kuna pia mpango wa IPOSA, unaochanganya kusoma na kuhesabu na stadi za kazi. Ulizia kwa afisa elimu ya watu wazima wa halmashauri yako. Na kama mtoto bado ni mdogo, uliza kama kuna sekondari ya karibu yenye mkondo wa amali, yaani wa kujifunza fani ya kazi pamoja na masomo ya kawaida, ulioanza mwaka 2024.

Aliyechukua ufundi hajafungiwa masomo. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978, hutoa mafunzo kuanzia cheti hadi shahada, na mlango wa kawaida wa ngazi ya cheti ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Baadhi ya kozi hupokea wenye ngazi ya tatu ya ufundi stadi, kila moja kwa masharti yake. Ndiyo maana nilimsihi mpwa wangu aendelee na QT jioni huku akiranda mbao mchana. Na aliyejifunzia gereji bila cheti anaweza kupimwa na VETA kwa mpango wa kurasimisha ujuzi.

Mwisho, kagua karatasi zake mwezi wa sita, usisubiri Desemba. Jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa lilinganishwe herufi kwa herufi na lile la cheti cha kumaliza shule. Likitofautiana, utahitaji kiapo cha wakili au marekebisho ya RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, na shughuli hiyo huchukua muda kuliko unavyodhani.