Pikapu ikikaa chini nyuma: je, inahitaji mifuko ya hewa?

Kabla hujaagiza mifuko ya hewa ya springi, ile inayojazwa upepo kusaidia springi za nyuma, shika futi. Pima kutoka chini hadi ukingo wa madigadi, mbele na nyuma, gari likiwa tupu. Funga trela lenye mzigo, upime tena. Nyuma ikishuka sentimita tatu na mbele haijapanda, hela yako ibaki mfukoni.

Mbele ikipanda ndiyo shida: usukani unakuwa mwepesi na taa zinawapiga madereva wa mbele machoni. Hapo angalia upangaji wa mzigo kwenye trela kwanza. Uzito unaokaa kwenye ndoano ya kuvutia trela uwe asilimia 10 hadi 15 ya trela zima. Trela la kilo 1,200 likandamize kilo 120 hadi 180. Anayetoa korosho Newala kuja Mtwara asogeze magunia mawili nyuma ya ekseli ya trela, apime upya. Magunia ni ya kilo 80, yanabadilisha mengi. Lakini ndoano ikiwa nyepesi mno, trela linayumba.

Springi iliyovunjika jani haiponi kwa hewa. Badilisha.

Ukifunga mifuko ya hewa, kila mmoja uwe na mpira wake wa kupitishia upepo. Ukiiunganisha, kwenye kona hewa inakimbilia upande wa pili. Na uwezo wa kubeba uliotajwa na kiwanda hauongezeki hata kilo moja.